Kwa Mamlaka ya Kaltuma

Abdulhamid alikwisha kuhukumu kabla Sabah hajavua viatu.

"Ni Kaltuma," alisema, akimwonyesha kiti. "Usijichoshe, mwanangu. Kompyuta yenyewe imemtaja jina."

Sabah hakuketi. Alikuwa ametoka Kiunga jana kwa boti ya mashine, akalala kisiwa jirani cha Chovae kwa shangazi yake, na asubuhi hii ndiyo kwanza ameshuka kisiwani Koyama. Kupewa jibu kabla hajauliza swali kulimkera siku zote. Leo kulimkera zaidi kwa sababu alikuwa hajala.

"Shikamoo kwanza, mwenyekiti."

"Marahaba, marahaba. Nisamehe. Tangu Ijumaa sijalala, wallahi."

Kutolala kwake kulionekana. Macho yalikuwa mekundu na kofia imekaa upande. Abdulhamid alikuwa mwenyekiti wa chama kilichokusanya sauti za watu wa Koyama, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha mawe, sola moja juu ya paa, betri la gari sakafuni, na kompyuta ya mezani iliyofunikwa leso. Miaka kumi na minane tangu serikali ya Somalia ianguke na watu kutawanyika, chama kilirekodi waliobaki ili waliokimbia wawasikie. Ni kazi ya heshima, na mzee alikuwa akiipenda kuliko alivyoipenda afya yake.

Sauti iliyopotea ilikuwa ya Bimkubwa, ajuza aliyefariki wiki tatu nyuma. Ilikuwa moja tu, wala isingerekodiwa tena. Mjukuu wake Ilyas alikuwa Uingereza akiomba hifadhi, na maofisa wa huko walikataa kwamba ni Mbajuni. Walisema Kiswahili chake ni cha Mombasa, jambo ambalo ni kweli, kwa maana alitoroshwa Koyama akiwa mdogo akalelewa Mombasa. Walipomtaka alete hata kitu kimoja cha kisiwani, aliwaimbia wimbo ambao bibi yake alimtungia akiwa mchanga. Wakaandika kwamba wimbo wowote mtu anaweza kujitungia mwenyewe. Kesi ilikuwa isikizwe tena Jumatatu ijayo, na wakili alikuwa ameomba kitu kimoja: sauti ya huyo bibi akiimba wimbo huo huo. Bila hiyo kijana angerudishwa, na wakati ule, pwani ya Kismayo ikiwa mikononi mwa wenye bunduki, hakukuwa na wa kumpokea gatini isipokuwa hao hao.

"Mwanalima yuko wapi?" Sabah aliuliza. Mwanalima alikuwa mamake Ilyas, binti wa Bimkubwa.

"Yuko hapo nje ukutani. Kila siku huja akakaa."

Sabah alichungulia dirishani. Mwanamke mwenye buibui lililopauka alikuwa ameketi juu ya mbao za mtumbwi uliovunjwa, mikono magotini, kama anayesubiri kuitwa kwa daktari. Akaona aibu kwa kufikiria njaa yake.

"Haya, mwenyekiti. Nionyeshe hiyo kompyuta iliyotaja jina."

Abdulhamid aliondoa leso, akaunganisha nyaya na betri, wakasubiri. Mashine iliamka polepole, na kwenye skrini zikatokea picha ndogo ndogo za programu. Mzee akasonga kando.

"Tazama mwenyewe. Folda ya sauti hufunguliwa na Kaltuma peke yake. Ndiye mtunzaji. Neno la siri ni lake, hata mimi silijui. Na Jumatano ile, asubuhi, folda imefunguliwa kwa jina la Kaltuma, na sauti ya Bimkubwa imefutwa. Siku ya pili Kaltuma akaolewa. Sasa yumo ndani ya fungate, hatoki, na mimi siwezi kuingia chumba cha bibi harusi kumhoji. Na hili je?" Alielekeza kidole kwenye kibodi. Juu ya kitufe kirefu cha chini palikuwa na doa la rangi ya kahawia iliyoiva. "Hina. Jumatano ilikuwa siku ya hina yake. Unataka nini tena?"

Sabah aliinama akalinusa lile doa. Ilikuwa hina kweli. Kwa muda mfupi moyo wake ulishuka, maana mzee alikuwa amemsifu Kaltuma mara nyingi kwa simu, na Sabah hakutaka awe yeye. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaanza kazi iliyokuwa mkate wake. Mombasa, ofisi zilipoibiwa kupitia kompyuta, yeye ndiye aliyeitwa kusema mwizi ni nani.

Alifungua kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia yenyewe. Akasoma mstari wa Jumatano. Akausoma tena, safari hii akitabasamu.

"Mwenyekiti, ulisoma nusu."

"Nusu vipi?"

"Hapa haisemi kwamba Kaltuma aliingia. Inasema aliyekuwa ameketi hapa aliingia kwa jina la *ofisi*, lile jina la kila siku mnalotumia wote. Kisha akiwa ndani ya *ofisi*, akaomba programu ya mafaili ifunguliwe kwa mamlaka ya Kaltuma. Tazama."

Alibonyeza programu moja kutoka kwenye orodha. Kidirisha kidogo cha kijivu kikaruka katikati ya skrini. Kiliuliza mambo mawili tu: programu iendeshwe kwa jina la nani, na neno lake la siri ni lipi.

"Ukijaza hapa," Sabah alisema, "hutoki ulipo. Skrini ni ile ile, picha ni zile zile. Ni hiyo programu moja tu inayofanya kazi kana kwamba Kaltuma ndiye aliyeifungua. Itafungua anachoruhusiwa kufungua, itafuta anachoruhusiwa kufuta. Zilizobaki zote bado ni za *ofisi*."

Abdulhamid alikunja uso. Alikuwa mtu mwerevu aliyechukia kutoelewa.

"Alhamisi ni nani aliyemwozesha Kaltuma?" Sabah aliuliza.

"Mimi. Babake alinipa uwakala."

"Kwa hiyo aliyetamka 'nimekuoza' ni wewe."

"Ni mimi."

"Na mamlaka?"

"Ya babake." Mzee akaiweka kofia sawa. "Haye. Kwa hiyo ulimi ulikuwa wa mchu mwingine."

"Ulimi wa mtu mwingine, idhini ya Kaltuma. Hicho kidirisha ndicho uwakala wenyewe. Tatizo ni kwamba hakimuulizi wakala ametumwa au ameiba."

"Basi wanaotumia jina la *ofisi* ni watatu. Kaltuma mwenyewe, Khamis, na Fardowsa anayewasaidia."

"Niitie Khamis."

Khamis alikuja akipangusa mikono yenye grisi. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye maneno mengi, kazi yake kutunza sola na betri, na pembeni kuchaji simu za kijiji kizima. Abdulhamid alimnong'oneza Sabah haraka: mwaka jana Khamis alimposa binti ya Mwanalima akakataliwa, na alisema hadharani kwamba nyumba ile itakuja kumkumbuka. Sabah alimtazama mzee kwa jicho la kuuliza kwa nini hilo hakulisema mwanzo.

"Jumatano asubuhi ulikuwa wapi, kaka Khamis?"

"Kwenye sufuria za harusi, dada yangu. Pilau ya wachu wote wale, nani angekoroga?"

"Ofisi ulimwachia nani?"

"Mungu. Na ufunguo chini ya jiwe, pahali pake pa siku zote."

"Panapojulikana na nani?"

"Na kila mchu, mpaka mbuzi."

"Inasemekana una kinyongo na nyumba ya Mwanalima."

Khamis alitoa macho, kisha akacheka mpaka akashika mlango. "Kinyongo nalikuwa nacho! Nimeoa kule Rasini mwezi wa tatu, sasa nina shida nyingine."

Sabah hakucheka, ingawa alitaka. Alikuwa amerudi kwenye kumbukumbu za mashine, akipanda juu miezi ya nyuma. "Hapa kuna mtu aliyejaribu kile kidirisha kwa jina la Kaltuma mwezi wa Rajabu. Akakosea neno la siri. Akajaribu tena, akakosea, akaacha."

Kicheko cha Khamis kilikatika. "Ni mimi hoyo," alisema kwa sauti ndogo. "Nalitaka kusikia sauti ya babangu. Alirekodiwa kabla ya kufa. Kaltuma alikuwa safarini, nikaona... nikajaribu jina la mamake, nikajaribu la mbuzi wake."

"Kwa nini hukumuomba aliporudi?"

"Mwanamume mzima, niseme nataka kulia?"

Sabah alimwacha kidogo. Kisha akamwambia mwenyekiti, Khamis akisikia, kwamba huyu si mtu wao. Aliyeingia Jumatano hakubahatisha. Aliandika neno la siri mara moja, likakubali. Khamis hakulijua, na hajalijua hata leo. "Aliyeingia aliambiwa," alisema, "na aliyemwambia ni Kaltuma."

Akainuka. Kabla ya kuzima mashine, alitupia jicho pipa la taka lililoko pembeni mwa skrini, mahali faili zilizofutwa husubiri. Lilikuwa tupu, na limemwagwa Jumatano ile ile. Hilo alilitarajia. Lakini kuna jambo lilimgusa hapo, dogo, akaona bora aende nalo bila kulisema.

* * *

Nyumba ya bibi harusi ilinuka udi mpaka njiani. Mzamil, bwana harusi, alifungua mlango akiwa na sahani ya biriani mkononi, na alipoambiwa kwamba dada wa Mombasa anataka kuzungumza na mkewe peke yake, alitoka bila kubisha na kwenda kula biriani yake chini ya dirisha, barazani, akionekana mwenye kufurahia hewa.

Kaltuma alikuwa kitandani, kanga mpya, macho yamevimba. Msichana wa miaka ishirini na kidogo, uso wa mtu aliyezoea kucheka ambaye wiki yake ya furaha imeharibiwa.

"Wanasema nimefuta sauti ya bibi yangu Bimkubwa," alisema kabla hata ya salamu. "Mimi! Nalikaa naye siku nzima ya kurekodi, akiwa ndani ya eda, mimi na yeye tu, hakuna mwanamume angeingia. Ndiye aliyenishika kidole akanifundisha kuhesabu."

"Nipe mikono."

Kaltuma aliinyoosha. Hina ilipanda kutoka ncha za vidole hadi viwiko, maua madogo madogo na majani yanayoshikana, nyeusi ya kupendeza. Sabah aliigeuza taratibu.

"Ulipakwa lini?"

"Jumatano, jua lilipotoka tu."

"Ikafungwa?"

"Kila kidole na kitambaa chake, kisha mikono yote, mpaka alasiri. Hata maji nalinyweshwa. Hata pua, dada, pua yangu ilikunwa na wachu wengine."

"Kwa hiyo saa nne asubuhi, folda ilipofunguliwa, usingeweza kuandika hata herufi moja."

Kaltuma aliacha mdomo wazi. Kwa siku zote zile za kulia hakuwa amelifikiria hilo, maana hakuna aliyemwambia ni saa ngapi.

"Na ungegusa kibodi," Sabah aliendelea, "usingeacha doa, kwa sababu vidole vyako vilikuwa ndani ya vitambaa. Doa lile limeachwa na aliyekuwa na hina mbichi mkononi. Si aliyepakwa. Aliyepaka. Na maua haya yote ni ya mkono mmoja. Nani aliyekupaka?"

Uso wa bibi harusi ukajifunga.

"Wanawake."

"Mwanamke yupi?"

"Dada Sabah, ya chumbani hayatoki chumbani. Mimi nalikuwa mwari siku ile, na walionihudumia hawatajwi nje. Ndivyo tulivyo."

"Najua tulivyo. Na mimi nimo chumbani."

Kaltuma alimtazama, kisha bila kutaka akacheka, kicheko chenye kamasi. Nje, kijiko kililia kwenye sahani ya Mzamil. Akajisogeza kitandani akapunguza sauti.

"Khamis alipita mlangoni akirudi kwenye sufuria zake. Alisema boti ya Kiunga inaondoka mapema, flashi ya wakili haijatiwa sauti. Mimi ndiyo hivyo, nimefungwa kama maandazi ya safari. Nikamnong'oneza Fardowsa neno la siri. Nikamwambia fungua kile kidirisha, nakili ya Bimkubwa, ipeleke botini. Aliacha bakuli la hina akaenda, akarudi, akaendelea na miguu. Nikadhani imekwenda. Dada, tuliapa mbele ya mwenyekiti kwamba maneno ya siri hayatolewi. Nikisema, nimevunja kiapo mimi, na nimemtia Fardowsa matatani. Na Fardowsa hawezi! Bimkubwa ndiye aliyemlea. Alimpoteza mamake mwaka tisini na moja, akawa mwana wa nyumba ile. Utanieleza kwa nini afute sauti ya aliyemlea?"

"Bado sijui," Sabah alikiri. "Katika hiyo sauti kuna nini?"

"Anataja ukoo, nyumba, nani alizaliwa lini. Nusu nzima ni mambo ya nasaba. Kisha akaimba ule wimbo wa Ilyas, huku akijipigia makofi."

"Akiwa eda."

"Mumewe hata leo ana miezi miwili tu tangu azikwe." Kaltuma alisema hivyo, na kisha taratibu akaiweka mikono yake iliyopambwa juu ya mdomo, kama mtu aliyekumbuka jambo alilosahau kulifikisha.

* * *

Nyumba ya Bimkubwa ilikuwa na gamba la kasa limepigiliwa juu ya mlango, jeupe kwa miaka ya jua. Fardowsa alikuwa uani akitwanga majani ya mhina. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini, viganja vyake vya rangi ya kahawia ya kudumu. Alipomwona Sabah, aliendelea kutwanga, lakini mapigo yalipoteza mpangilio.

Sabah alijivutia kigoda. Alikuwa amejiandaa kwa maswali makali, akajikuta hayataki.

"Ulisikiliza mpaka wapi, dada Fardowsa?"

Mchi ulisimama.

"Mpaka alipoanza kupiga makofi," Fardowsa alisema. Machozi yalishuka bila yeye kuyajali. "Nilifungua ili nijue kama ndiyo yenyewe. Nikasikia nasaba, nikafurahi. Kisha nikasikia makofi na sauti inapanda. Mama akiimba! Baba hajakauka kaburini, na yeye ndani ya eda, anaimba kama yuko ngomani. Na inakwenda Ulaya, kwenye ofisi ya wanaume, wageuze huku na huku, warudie. Na hapa kijijini wangejua. Wangesema Bimkubwa hakumlilia mumewe. Yuko chini, hawezi kujibu. Nani atamjibia? Mimi ndiye mwanawe niliyebaki naye."

"Kwa hiyo ukaifuta."

"Nikaimwaga na kwenye pipa, isirudi, boti ikaondoka bila flashi. Mwanalima yu hai, niliona anaweza kumsemea mwanawe mwenyewe. Sikujua kama Kaltuma atalaumiwa. Nalipojua, niliogopa. Kila siku nampita Mwanalima pale ukutani, na kila siku nashindwa."

Sabah alimweleza. Hakutumia maneno mengi. Kwamba nasaba mtu yeyote anaweza kuikariri, na wale maofisa wangesema hivyo. Kwamba kitu kimoja tu Ilyas alichowapa ambacho hakuna mwingine duniani anacho ni ule wimbo. Na kwamba kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuuthibitisha, yule aliyeutunga.

Fardowsa alikaa chini kwenye mchanga, palepale. "Basi nimemuua," alisema. "Nimemuua Ilyas kwa mkono wangu."

"Ngoja," Sabah alisema, na sasa lile jambo dogo alilotoka nalo ofisini likamjia mbele wazi, akashindwa kutulia kigodani. "Pipa ulilomwaga, lilikuwa wapi?"

"Pale pembeni mwa skrini."

"Ulipolifungua, uliiona sauti ya Bimkubwa ndani yake?"

Fardowsa alifikiri. "Sikuiona. Kulikuwa na takataka za Khamis, picha za mpira. Nikasema itakuwa imefutika moja kwa moja."

"Lile pipa ni la *ofisi*. Skrini ilikuwa ya *ofisi*. Lakini programu uliyofutia ilikuwa inafanya kazi kwa mamlaka ya Kaltuma, na ikifuta, hutupa kwenye pipa la Kaltuma. Wewe umemwaga pipa la jirani." Sabah alikuwa amekwisha kusimama. "Na Kaltuma yuko fungate tangu Alhamisi. Hajagusa mashine. Pipa lake hajalimwaga mtu, labda. Labda, Fardowsa, usinishike hivyo, kanga yangu itachanika."

* * *

Palikuwa na kikwazo kimoja. Pipa la Kaltuma hufunguliwa kwa neno la siri la Kaltuma, na Kaltuma hatoki siku saba, ilhali boti ya Kiunga ilikuwa iondoke siku hiyo. Abdulhamid alipendekeza Kaltuma amnong'oneze Sabah. Sabah alimtazama mpaka mzee mwenyewe akaona aibu.

"Hilo neno limenong'onezwa vya kutosha," alisema. "Kama mwenye mamlaka hawezi kwenda kwenye mashine, mashine iende kwake."

Ndivyo Koyama ilivyoshuhudia, siku ya sita ya fungate, msafara ambao hakuna aliyewahi kuuona. Fardowsa alitangulia na skrini kifuani, imefunikwa leso. Sabah alibeba mashine yenyewe. Khamis alisukuma betri la gari kwenye toroli la samaki, akipaza sauti watu wampishe, na mlangoni akakabidhi nyaya kwa wanawake, akarudi nyuma kukaa barazani na Mzamil, ambaye sasa alikuwa ametolewa nje kwa mara ya pili na hakuwa hata na sahani. Abdulhamid naye alikaa barazani, upande wa dirisha. Mwanalima alifuata mwisho kabisa. Hakuna aliyemwambia aje, aliinuka tu ukutani akafuata.

Mashine iliwekwa juu ya meza ya kujipambia, kati ya chupa za marashi. Betri lilikuwa dhaifu. Taa yake ya kijani ilikuwa imegeuka manjano, na Sabah aliomba dua kimoyomoyo, kitu asichokifanya kazini. Kidirisha cha kijivu kikaruka. Kaltuma alisogea kitandani, akanyoosha vidole vyake vilivyochorwa, akaandika mwenyewe.

Programu ikafunguka. Sabah akaliendea pipa.

Lilikuwa na kitu kimoja. Jina lake lilikuwa *Bimkubwa*.

Mwanalima alitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani. Sabah aliirudisha faili mahali pake, akainakili kwenye flashi, akaichomoa flashi, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake mafundo mawili. Hapo ndipo aliposema, "Sasa tuisikilize. Nataka kuhakikisha ni nzima."

Sauti ya ajuza ikajaa chumba, kavu, yenye mzaha. Ikataja nyumba, ikataja waliozaliwa na waliokufa. Kisha yakaja makofi. Fardowsa alifumba macho.

*Lala Ilyas wa Koyama,*
*mwana wa nyumba ya kasa,*
*ukiitwa wende hima,*
*ukichoka rudi sasa.*

Yalikuwa maneno yale yale, neno kwa neno, ambayo wakili alimsomea Sabah kwenye simu. Akajua hapo kwamba kijana ana kesi ya kushinda.

Lakini rekodi ilikuwa haijaisha. Makofi yalikoma, ajuza akakohoa, na ikasikika sauti ya Kaltuma kwa mbali ikiuliza kama azime.

"Usizime, ngoja," alisema Bimkubwa. "Kuna la Fardowsa. Huyo mwanangu namjua. Akisikia mamake kaimba ndani ya eda atanuna mwaka mzima, kwa kunionea haya. Mwambieni kwamba mume wangu alikuwa akiupenda wimbo huu kuliko mimi mwenyewe, na angekuwapo angepiga makofi yeye nikaimba mimi. Mwambieni simwimbii mchu, namwita mwana. Fardowsa, mama, umesikia? Usinune. Na flashi ipelekeni upesi."

Taa ya betri ikazimika, na skrini ikawa nyeusi.

Fardowsa alibaki amesimama katikati ya chumba. Mwanalima alimwendea, wanawake wawili waliolelewa katika nyumba moja, akamshika vile viganja vya kahawia, na kwa muda hakuna aliyejua atafanya nini. Akavigonganisha polepole, kofi moja, la pili, mpaka Fardowsa akayashika mapigo mwenyewe. Dirishani, Abdulhamid alikohoa akasema kwa sauti nzito kwamba maji yamejaa na boti haiwezi kungoja.

"Aende nayo nani?" Sabah aliuliza, akianza kufungua fundo la kanga.

"Mimi," alisema Fardowsa. "Mama kaniambia upesi."